Mnusa Daftari

Nilishika chaki kwa miaka 38, na katika miaka hiyo nilifanya makosa mengi ambayo nimekwisha kuyasahau. Moja halinitoki. Nalieleza hapa si kwa kutaka kuhurumiwa, kwani mwenye kuhurumiwa hakuwa mimi. Nalieleza kwa sababu kosa hilo lina historia yake, na historia hiyo inapita katika maabara za ng'ambo, katika matumbo ya mama zetu, na katika vichaka vya Usukuma ambako damu isiyo na hatia imemwagika.

Mwaka 1974 nilimaliza Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza, nikapangiwa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Misungwi. Wakati huo Misungwi ilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Kwimba. Haikuwa wilaya hadi 1995. Watu walikuwa wakihamia vijijini, na Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilikuwa limetangaza kwamba ifikapo 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe ameandikishwa. Watoto wakamiminika. Mwaka uliofuata nilikabidhiwa Darasa la Tatu lenye watoto zaidi ya 70, madawati ya kuhesabu, na ubao mmoja uliokuwa umetoka kupakwa rangi nyeusi ing'aayo.

Kati ya watoto hao alikuwamo mvulana mmoja mwenye ualbino. Siku hizo hatukutumia neno hilo. Tulisema zeruzeru, tena mbele yake, bila kufikiri kama neno lina miiba. Alikuwa na umri wa miaka tisa hivi, ngozi nyeupe yenye madoa ya jua, nywele za rangi ya katani, na macho yasiyotulia, yakienda kulia na kushoto kama mtu atafutaye kitu alichokiangusha. Kwa kuwa alikuwa mrefu, nilimweka dawati la nyuma, karibu na dirisha, kama nilivyofundishwa: wafupi mbele, warefu nyuma.

Kila nilipoandika ubaoni aliinuka akasogea mbele. Nikamrudisha. Akawa ananakili kwa jirani yake, daftari limegusa pua. Wenziwe wakampa jina la Mnusa Daftari, nami, Mungu anisamehe, nilicheka pamoja nao.

Siku moja nilimwita asome hesabu iliyokuwa ubaoni. Akainamisha kichwa upande, akanyamaza. Nikamwambia, "Nitazame usoni ninapokusemesha." Akajaribu, lakini macho yale hayakutulia, yakacheza zaidi. Nikaona ananidhihaki. Nikamuuliza kwa ukali ni nini kinachomzuia kusoma. Akajibu kwa sauti ndogo, "Mwalimu, ubao una maji."

Darasa zima likaangua kicheko. Nikamchapa viboko vinne kwa kosa la kiburi.

Msomaji wangu, ubao ule kweli ulikuwa na maji. Mwanga wa dirishani ulikuwa ukipiga juu ya rangi mpya na kung'aa kama ziwa wakati wa adhuhuri, na kwa macho ya mtoto yule hapakuwa na herufi hata moja. Alisema kweli kwa maneno mazuri kuliko yote aliyokuwa nayo. Ilinichukua miaka mingi kuelewa hivyo, na aliyenikamilishia somo hilo ni mjukuu wangu anayesomea udaktari. Mengi ya nitakayoyasema sasa niliyapata kwake na katika vitabu alivyoniletea.

Sisi sote tulimtazama mtoto yule ngozi. Hapo ndipo tulipokosea. Ngozi ilimtesa, na hatimaye ndiyo iliyomuua, lakini kilichomkosesha shule kilikuwa ndani ya jicho na nyuma yake, katika ubongo.

Mwili wa binadamu hutengeneza rangi iitwayo melanini. Ndiyo ituwekayo weusi wa ngozi na nywele. Ila rangi hiyo haiko kwenye ngozi peke yake. Nyuma ya retina, yaani ule utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga, kuna tabaka jembamba la chembe zenye rangi nyeusi. Kazi yake moja inafanana na ile ya rangi nyeusi ndani ya kamera: kunyonya mwanga uliozidi usidundedunde ndani. Mtu asiye na rangi ya kutosha hapo huumizwa na mwanga, na mng'ao mdogo kwake ni mkubwa.

Lakini kazi nyingine ni ya ajabu zaidi. Tabaka hilo huanza kupata rangi mimba ikiwa na wiki tano hivi, wakati mama wengine hawajajua hata kwamba ni wajawazito. Jeni zinazotengeneza melanini huwa zimekwisha kuamka na kufanya kazi katika jicho, mahali penye giza totoro pasipo na jua la kuzuiwa. Kwa nini? Kwa sababu jicho linajengwa, na tabaka lile lenye rangi hushiriki kupanga ni lini chembe za retina zizaliwe na nyuzi zake zielekee wapi. Rangi ikikosekana, mambo mawili huharibika. La kwanza, kile kidoa cha katikati ya retina tunachokitumia kusomea hakikomai, na kwa hiyo mtu haoni vizuri vitu vidogo wala vya mbali. La pili ni njia za kwenda ubongoni.

Nyuzi zinazotoka katika kila jicho hukutana nyuma kidogo mahali panapofanana na njia panda. Kwa watu wengi, karibu nusu ya nyuzi za kila jicho huvuka kwenda upande wa pili wa ubongo, na zilizobaki huendelea upande uleule. Hivyo kila upande wa ubongo hupata habari kutoka macho yote mawili, nasi tunaweza kupima umbali wa kitu. Kwa mwenye ualbino, nyuzi nyingi ambazo zingepaswa kubaki huvuka. Macho mawili hayashirikiani sawasawa, mara nyingi huwa makengeza, na hucheza bila mwenyewe kutaka. Miwani husaidia kwa kiasi, lakini hakuna miwani iwezayo kupanga upya nyuzi zilizokwisha kutandazwa kabla ya kuzaliwa.

Jambo hili liligunduliwa kwa njia ya paka. Mwaka 1969 mtaalamu wa ubongo aitwaye Ray Guillery alikuwa akichunguza ubongo wa paka, akakuta mmoja ambaye njia zake za macho zilikwenda kombo. Paka huyo alikuwa wa aina ya Siamese, wale wenye mwili mweupe-kahawia na macho ya buluu ambao mara nyingi huwa makengeza. Aina hiyo ni nusu ya ualbino: mwili wake hushindwa kutengeneza rangi mahali penye joto, ukaweza tu kwenye masikio, pua, miguu na mkia, ambako ni baridi kidogo. Mwaka 1973 Guillery na mwenzake Kaas wakaona kasoro hiyohiyo katika chui-milia mweupe. Basi ikaulizwa: je, na binadamu?

Jibu liliingia katika jarida la kitaalamu mwaka 1975, na kati ya walioliandika alikuwamo Mwafrika, Dakta Okoro wa Nigeria, bingwa wa magonjwa ya ngozi aliyewachunguza sana wenye ualbino wa nchi yake. Yeye, Guillery na Witkop walieleza ubongo wa mtu mwenye ualbino aliyekwisha kufariki: njia zake za macho zilikuwa zimevuka visivyo kawaida, kama za yule paka.

Mwaka 1975! Ndio mwaka uleule niliomchapa mtoto wa watu viboko vinne. Sisemi kwamba mwalimu wa Misungwi angeweza kusoma jarida hilo. Nasema tu kwamba wakati wenye elimu wanaandika kuwa macho haya yana sababu, mimi mwenye fimbo niliandika moyoni mwangu kuwa yana kiburi. Wala sikuhitaji jarida. Ningemwuliza tu, "Maji gani, mwanangu?"

Baada ya njia ya nyuzi, ikatafutwa jeni yenyewe. Ualbino una aina kadhaa, na jeni zake ni mbalimbali, ila zote huishia kwenye upungufu wa rangi, na kasoro ya macho huwa ya namna moja. Aina iliyoenea zaidi katika Afrika yetu hutokana na jeni iitwayo OCA2, iliyoko kwenye kromosomu ya 15. Mwaka 1994 wataalamu waliona kwa Wamarekani wenye asili ya Afrika kwamba kipande cha jeni hiyo, chenye urefu wa herufi 2,700 hivi za maandishi ya urithi, kimekatika na kupotea. Mwaka 1995 pengo hilohilo lilikutwa kwa Watanzania na kwa watu wa kusini mwa Afrika. Ukilifikiri jambo hili utastaajabu. Pengo moja, mipaka yake ni ileile, liko kwa mtoto wa Usukuma, kwa mtoto wa Afrika Kusini, na kwa mjukuu wa mtumwa aliyevushwa bahari. Maana yake wote wamelirithi kwa mzazi mmoja wa kale sana, tangu kabla watu wetu hawajatawanyika. Si laana iliyoushukia ukoo mmoja. Ni urithi wa jamaa kubwa, na sisi sote tu wa jamaa hiyo.

Hapa namkumbuka mama wa yule mvulana. Alinijia siku moja baada ya masomo, akasimama nje ya ofisi mpaka nilipomkaribisha. Akasema, "Mwalimu, baba yake amenifukuza. Wanasema kwao hakuna mtoto wa namna hii, basi nimempata kwa Mzungu au kwa mzimu." Sikuwa na la kumjibu. Nilimpa pole, akaenda zake.

Leo ningekuwa na la kumjibu, tena kwa hesabu za Darasa la Saba. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo, moja ya mama na moja ya baba. Mwenye nakala moja mbovu na moja nzima huwa mweusi kama mimi na macho yake ni mazima. Hajui kama ameibeba. Mtoto huwa na ualbino pale tu anapopata nakala mbovu kwa mama na nakala mbovu kwa baba. Wazazi wawili wenye kuibeba, kila wanapopata mtoto, bahati ni moja katika nne. Kwa hiyo mtoto yule alikuwa ushahidi kwamba baba yake alikuwa ameibeba pia. Aliyefukuzwa angeweza kuitumia jeni hiyo kama hati ya ndoa.

Tuendelee na hesabu. Uchunguzi uliofanywa Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 1985 na Dakta Luande na wenzake wa Ocean Road ulikadiria mtu mmoja mwenye ualbino katika kila watu 1,400 hivi. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 16,477, yaani mmoja katika kila 2,700 hivi. Nchi nyingi za Ulaya na Marekani hukadiria mmoja katika watu 17,000 hadi 20,000. Ukichukua takwimu zetu hizo mbili na kukokotoa wangapi wanaibeba jeni pasipo kujua, utapata kati ya mmoja katika watu 19 na mmoja katika 26. Katika darasa langu la watoto 70 walikuwamo watatu au wanne. Huenda waliocheka kwa sauti kubwa kuliko wote walikuwa nayo. Huenda mwalimu wao alikuwa nayo.

Nimeisema hesabu hii kwa sababu ya yale yaliyotokea katika kanda yetu. Tangu mwaka 2006 na 2007 watu wenye ualbino walianza kuwindwa na kuuawa Mwanza, Shinyanga na mikoa ya jirani, viungo vyao vikiuzwa kwa imani kwamba vinaleta utajiri wa madini na samaki. Mwaka 2008 mwandishi wa habari Vicky Ntetema aliyafichua hayo kwa ulimwengu, akatishiwa maisha. Mwaka huohuo Rais Kikwete alimteua Bi Al-Shaymaa Kwegyir kuwa mbunge, mwanamke wa kwanza mwenye ualbino kuingia Bungeni kwetu. Januari 2009 Waziri Mkuu Pinda alifuta leseni za waganga wa jadi, na Septemba mwaka huo mahakama iliyoketi Kahama iliwahukumu watu watatu adhabu ya kifo kwa mauaji ya mtoto.

Hapa kwetu Misungwi, Shule ya Msingi Mitindo, iliyokuwa ikipokea watoto wasioona, ikawa kimbilio la watoto wenye ualbino. Buhangija ya Shinyanga na Kabanga ya Kasulu zikawa hivyohivyo. Nilikuwa mwalimu mkuu siku hizo. Niliwaona wazazi wakiwaleta watoto wao usiku, wengine wadogo wasioweza kujifunga viatu, wakawaacha na kuondoka wakilia. Nikafikiri: wauaji wanatafuta kitu cha siri ndani ya mwili wa mtoto huyu, na kitu pekee cha tofauti alichonacho ni pengo la herufi 2,700, ambalo mmoja katika kila ishirini na kitu ya wauaji wenyewe anatembea nalo. Kama kungekuwa na utajiri ndani yake, wangekwisha tajirika tangu walipozaliwa.

Wapo watakaouliza: ikiwa macho yao ndivyo yalivyo, si wapelekwe shule za vipofu? Ndivyo ilivyofanyika kwa miaka mingi, kwa nia njema. Katika shule moja niliyowahi kuitembelea niliwakuta watoto wenye ualbino wakifundishwa maandishi ya nukta nundu. Nilipokaribia niliona kwamba hawakuyapapasa kwa vidole. Walikuwa wameinama, wakiyasoma kwa macho, wakifuata vivuli vidogo vya nukta juu ya karatasi nyeupe. Nilitoka nje nikasimama peke yangu chini ya mti. Watoto wenye kuona, wanaopewa maandishi yasiyo na wino, na bado wanasoma! Ni akili gani tuliyoipoteza kwa kutojua?

Maana wao si vipofu. Wanaona karibu, wanaona herufi kubwa, wanaona kivulini. Mtoto wa namna hiyo anahitaji kiti cha mbele kabisa, ambapo mwanga wa dirishani unatokea mgongoni wala haumpigi usoni. Anahitaji ubao usiong'aa, maandishi makubwa, na ruhusa ya kusogea mpaka ubaoni bila kuomba. Aachwe anuse daftari, kwani umbali huo ndio miwani yake ya kwanza. Mtihani wake uchapwe kwa herufi kubwa na apewe muda zaidi. Avae kofia pana na mikono mirefu, na asipelekwe shamba wakati wa jua kali.

Hilo la mwisho nalitaja kwa uchungu. Mchana, katika kutimiza Elimu ya Kujitegemea, tulikuwa tukiwapeleka watoto shamba la pamba la shule. Mvulana yule alipalilia pamoja na wenziwe akiwa na kaptula na shati la mikono mifupi, kwa kuwa hiyo ndiyo sare. Mabega yake yalibabuka, yakapona, yakababuka tena. Alipofika Darasa la Tano aliacha shule. Hakuna aliyemfuata. Nami sikumfuata.

Nilimwona tena mwaka 1996, naye akiwa na umri wa miaka 30 hivi. Alikuwa na kidonda shingoni ambacho madaktari walisema kimechelewa. Aliponisikia sauti alinitambua kabla hajaniona, akasema, "Shikamoo, mwalimu." Nilimwambia yale niliyopaswa kumwambia. Alicheka kidogo akasema hakumbuki viboko, anakumbuka tu kwamba alipenda hesabu. Sijui kama alisema kweli au alinistahi. Sisi tulilelewa kumstahi mwalimu.

Alifariki mwaka huohuo. Wakati huo wazee wengi bado walisema kwamba zeruzeru hafi, hupotea tu, hakuna aliyewahi kuona kaburi lake. Nilishika sepetu kwa mikono yangu, nikashiriki kulichimba kaburi lake, na ninajua lilipo. Hakupotea. Alikufa, kwa jua ambalo kofia na mafuta vingelizuia, kama yale ambayo kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha KCMC, Moshi, kilikuja kuyatengeneza miaka mingi baadaye.

Nilipokuwa mwalimu mkuu jambo la kwanza kulifanya katika kila shule lilikuwa kuingia darasani asubuhi kabla ya watoto, kuketi dawati la nyuma karibu na dirisha, na kuutazama ubao. Walimu vijana walidhani ni mazoea ya uzee. Kama uling'aa, niliagiza ukwanguliwe na kupakwa upya kwa rangi isiyong'aa. Ni jambo dogo, nalo lilikuja kwa kuchelewa. Mwalimu usomaye maneno haya, kesho ketipo nawe uone. Na mtoto akikwambia kwamba ubao una maji, weka fimbo chini, umwendee, utazame pale anapotazama yeye.